Taimingi ya Mke Mwenza

Machi 9

Muuguzi wa zahanati amesema niwe naandika hali ya mgonjwa kila siku: amekula nini, amelala vipi, kama kuna lolote jipya. Nimegeuza daftari la vipimo vya wateja nikaanzia nyuma. Haya basi. Amekunywa uji nusu kikombe. Amelala. Mvua imeanza leo.

Machi 10

Amekula. Amelala. Mvua.

Machi 11

Nimesoma ya jana nikaona muuguzi atadhani nimeandika kwa kulazimishwa. Kweli nimelazimishwa, lakini si lazima ionekane. Leo nieleze vizuri.

Mgonjwa ni mume wangu. Alikuwa dereva wa posta mpaka alipostaafu. Mwezi uliopita alianguka uani, kando ya gari lake, spana mkononi. Ni kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi na maneno yamekwenda yote, hana hata "ee". Hospitalini daktari alimmulika macho, akamwambia, "Mzee, minya kidole changu." Hakuminya. "Mzee, fumba macho." Hakufumba. Daktari akanitoa nje ya mlango akaniambia, "Mama, usitegemee sana kwamba anaelewa." Nikasema sawa.

Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu. Watu wakija kunipa pole wananitazama usoni, wanasubiri nilie. Na mimi nasubiri pamoja nao. Hakuna kinachokuja, basi nawaletea chai.

Muuguzi alisema pia nimwekee redio, asikie sauti za watu, ubongo usilale. Nimeiweka kwenye stuli kando ya kiti chake. Tunaifungua asubuhi, tunaifunga tukienda kulala. Inatangaza sabuni kutwa nzima.

Machi 13

Nimemsogezea kiti dirishani aone nje. Nje kuna mvua na gari. Amekula vizuri. Vidole vya mkono wa kushoto vinagongagonga mkono wa kiti.

Machi 15

Shemeji amekuja, yaani mdogo wake mume wangu. Huyu shemeji yangu ni mtu wa mipango. Hata akija kusalimia anakuja na ajenda. Alisimama mbele ya kaka yake akamsalimia kwa sauti ya kupasua kuta, utadhani aliyeugua ni masikio. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, mimi na binti yako tumekaa kwenye simu, tumelijadili hili."

"Sawa."

"Mvua zikiisha, barabara ya kwangu ikikauka, nitakuja na gari la kukodi nimchukue. Mke wangu ni muuguzi, nyumba yangu haina ngazi. Wewe mgongo wenyewe ndio huo, na una cherehani ya kukulisha. Utakuwa unakuja kumwona."

"Sawa."

"Na hili gari lake nalo tutampa mtu wa vyuma chakavu. Linakuzibia uwanja bure."

"Sawa, shemeji."

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wanavyosema. Huyu yupo, amekaa kiti cha mbele kabisa, na lake bado halipo. Wakati tunazungumza vidole vyake vilikuwa vinagonga. Vinagonga, vinapumzika, vinagonga. Shemeji akamtazama akatikisa kichwa. "Maskini kaka. Mishipa hiyo." Nikasema ni mishipa tu.

Sijui kama nataka aende. Nimejiuliza nikiwa nakunja nguo, nikajiuliza tena nikiwa naosha vyombo. Sikupata jibu. Kwa hiyo ataenda.

Machi 16

Amekula. Amegonga. Mvua.

Machi 19

Nimejiunguza na pasi. Nilijua kwa harufu, si kwa maumivu. Nimepaka dawa nikamalizia suruali ya mteja. Mgonjwa yuko vilevile.

Machi 22

Nimeinama chini ya meza ya cherehani kutafuta kifungo, nikakutana na karai. Ndani ya karai kuna kitu kimefungwa kwenye fulana yake ya zamani. Nimefungua: ni distribyuta ya gari, ile inayogawa moto kwa plagi, na nyaya zake zimening'inia. Asubuhi ile aliyoanguka ndiyo alikuwa ameichomoa. Alisema taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, imepotea kidogo, ataiseti kabla ya mvua.

Nieleze na hili gari. Ni gari la posta la zamani. Magari ya umri wake yalishageuzwa masufuria. Alilinunua likiwa limechoka, akalilea. Majirani wanaliita mke mwenza wangu, na mimi nimekubali. Tena nasema mke mwenza mwenye adabu: halizai, halinisemi, na likinuna linanunia uani, si chumbani.

Sasa mke mwenza yuko pale chini ya banda la bati, boneti imefunikwa turubai, na mahali pa distribyuta pana tundu limezibwa na tambara. Mimi fundi nguo. Siwezi kumpa mteja koti lisilo na mkono mmoja, hata kama analichukua kwenda kulichoma. Maiti yenyewe hufungwa mdomo kabla ya kutolewa nyumbani. Kitu kikifunguliwa kifungwe. Nitairudisha mahali pake, kisha mtu wa vyuma chakavu aje.

Machi 24

Pale kona kuna fundi magari. Jina alilopewa na mama yake hakuna anayelikumbuka, sote tunamwita Fundi Kesho. Nimempitia.

"Mama, kazi ndogo hiyo. Nitakuja kesho."

Machi 25

Hakuja.

Machi 26

Hakuja. Mvua kubwa, bati linapiga kelele mpaka redio haisikiki. Mgonjwa ametulia, hakugonga mchana kutwa.

Machi 29

Binti amepiga simu, kama kawaida yake ya Jumapili.

"Mama, hata sauti yako imechoka. Unasikika kama ile mashine ya benki."

"Ile inayosema asante?"

"Ndiyo hiyo."

"Asante."

Alicheka, kisha akalia. Nilishika simu nikasubiri amalize. Nilikuwa najua kwamba mama mtu angelia naye. Niliangalia uzi uliokuwa umebaki kwenye bobini nikaona unatosha pindo moja.

Aprili 1

Amekula. Redio imetangaza sabuni ileile. Amegonga.

Aprili 4

Mvua imekatika mchana, nikafunua turubai. Nimekaa kwenye kiti cha dereva muda mrefu bila sababu. Kile ndicho kilichokuwa kiti changu. Watu wanadhani mke wa mwenye gari hukaa kando. Siku za kuseti taimingi mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani, yeye akiwa amezama kichwa na mabega ndani ya injini. Boneti imeinuka, simwoni, na kwa kelele simsikii. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Aligonga ubavu wa gari kwa vidole. Mara moja: washa. Mara mbili: zima. Mara tatu: hapohapo, mguu usicheze kwenye mafuta. Tulianza hivyo tukiwa wachumba, na hatukuwahi kuongeza neno la nne.

Na hakutaka sauti nyingine yoyote. Kuku akilia, alimfukuza. Jirani akiimba, alimwendea kwa heshima akamwomba apumzike kidogo. Alisema taimingi ya injini kongwe haisetiwi kwa macho, inasetiwa kwa sikio. Macho yanakufikisha mlangoni tu.

Nimeandika haya yote na hayamhusu muuguzi. Mgonjwa amekula nusu.

Aprili 8

Fundi Kesho amepita akielekea kwake, nikamdaka mlangoni. Hakuingia, alisema ana mgonjwa barabarani, yaani lori. Ila amenipa balbu ndogo yenye nyaya mbili akanieleza akiwa amesimama kwenye mvua. Kuna alama kwenye puli ya chini. Zungusha injini kwa spana mpaka alama ikutane na kile kichuma kilichochongoka. Hapo pistoni ya kwanza iko juu. Chomeka distribyuta, rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake, ielekee waya wa plagi ya kwanza. Unga balbu, zungusha kasha la distribyuta taratibu, balbu ikiwaka tu, kaza. Basi.

"Umeelewa, mama?"

Nilielewa kuliko alivyodhani. Ni cherehani tupu. Sindano ikishuka kuchukua uzi, ndoano ya chini iwe imefika palepale kuupokea. Ikiwahi, uzi haupo. Ikichelewa, uzi umeshapita. Cherehani ngapi nimezirudishia wakati wake kwa mikono hii. Nilimwambia, "Cheche ndiyo sindano, pistoni ndiyo ndoano." Alikuna kichwa akasema haraka haraka haina baraka, atakuja kesho aangalie.

Aprili 9

Hakuja, na sikumngoja.

Aprili 12

Leo ni ndefu.

Asubuhi ilikuwa manyunyu tu. Nimemlisha, nimemsogeza dirishani, nimefungua redio, nimetoka na karai langu. Banda la gari limegusana na ukuta wa chumba chake. Mlango wa dereva na dirisha lake, ukinyoosha mkono unakaribia kugusa. Nilizungusha puli kwa spana mpaka alama ikafika. Mzunguko mmoja, mshono mmoja, kama nilivyozoea. Nikachomeka distribyuta, rota ikaelekea plagi ya kwanza. Balbu ikawaka, nikakaza. Kila kitu kimekaa kama kwapa la shati lililokatwa vizuri. Betri nilikuwa nimeichajisha kwa jirani. Niliingia nikakaa kwenye kiti, nikasubiri ubavu wa gari ugongwe mara moja, kama mjinga. Nikajikumbusha kwamba hakuna wa kugonga. Nikawasha.

Injini ilizunguka, ikazunguka, kisha ikapiga. Si kunguruma, kupiga, kama mlango wa chuma umeangushwa. Moto ulitoka mdomoni mwa kabureta, moshi ukajaa banda zima, na turubai ikaruka. Nami mguu kwenye mafuta, mkono kwenye ufunguo, namlazimisha. Ikapiga tena.

Ndipo nikasikia vidole kwenye kioo. Mara mbili.

Mkono wangu ulizima. Naandika kama ilivyokuwa: sikufikiri nizime. Mkono ulisikia ukatii, kama ulivyotii miaka yote, kisha kichwa kikafika nyuma yake. Nilibaki nimeshika ufunguo. Sikutaka kugeuka dirishani. Niliogopa nitamkuta amelala na vidole vikichezacheza, na itakuwa mishipa.

Niligeuka. Alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto hadi kwenye kioo, uso umemkunjamana kwa hasira. Uso ule naujua. Ndio aliokuwa nao kila nilipokanyaga mafuta kabla ya kuambiwa.

Niliingia ndani na mikono yangu ya grisi, nikasimama mbele yake. Redio inasema habari za sabuni. Yeye ameurudisha mkono kwenye kiti, na vidole vinagonga kama kila siku. Nilivitazama kwa mara ya kwanza. Mbili. Pumziko. Mbili. Pumziko. Mbili.

Injini nilishaizima. Nikatazama chumba kizima nikitafuta kitu kingine kinachowaka, na kulikuwa na kimoja tu. Nikaizima redio.

Vidole vikasimama. Alifumba macho akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Mwezi mzima na zaidi yule mtu ananiambia zima hiyo redio, na mimi namwongezea sauti ili ubongo usilale.

Nilicheka. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikaona aibu, kisha nikatengeneza uji. Amekula wote.

Aprili 13

Redio haijafunguliwa. Hakugonga hata mara moja.

Aprili 14

Nimempigia shemeji, nikamweleza. Akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi, "Shemeji, mtu akipenda sana huona mengi. Tulimuuliza mbele ya daktari, unakumbuka? Barabara ikikauka nitakuja."

Nikakata simu nikaenda kutafuta uthibitisho wa kumpa. Nilipiga magoti mbele ya kiti. "Baba Watoto, kama unanisikia gonga mara moja." Kimya. "Kama hunisikii gonga mara mbili." Hapo hata mimi nikajiona kichekesho. "Unataka kwenda kwa mdogo wako? Gonga basi." Alinitazama, kisha akatazama nje, kwenye gari. Vidole vimelala.

Pengine shemeji anasema kweli. Pengine ilikuwa kelele tu, na mkono umeshtuka. Nimeshona vitambaa vya meza mpaka giza. Sikuhisi kitu, na safari hii nilijua kwamba sihisi kitu. Hilo ni jipya, kama kuna anayetaka jipya.

Aprili 17

Amekula. Hakugonga. Mvua.

Aprili 21

Jamani, Fundi Kesho amekuja. Alisema alisikia mlipuko ule mpaka kona. Kimya kingi kina mshindo mkuu, akasema, na akajichekea mwenyewe. Aliinamia injini, akachomoa plagi ya kwanza, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaniambia nizungushe spana. Alama ikafika. "Unaona? Kidole changu hakikusukumwa." Nikazungusha tena mzunguko mzima. Alama ikafika tena, na safari hii upepo ukakirusha kidole chake kwa mlio wa chupa kufunguliwa.

"Mama, hii si cherehani. Hapa mizunguko miwili ndiyo mshono mmoja. Ulimpa moto wakati anapumua."

Nilimwambia angesema mapema. Akasema angesema ile kesho yake.

Alitaka kuichomoa distribyuta aigeuze. Nilimwambia aache, nitaigeuza mwenyewe. Alifuta mikono akaondoka bila kubisha.

Aprili 26

Nimeigeuza. Imewaka kwa jaribio la tatu. Inaunguruma lakini inakwama kwama, inapanda na kushuka kama mtu anayekumbuka kitu katikati ya sentensi. Balbu imenifikisha mlangoni, sasa linahitajika sikio. Mimi sina hilo sikio. Mwenye nalo yuko nyuma ya kioo, na mvua juu ya bati imezidi kila sauti. Nilimtazama. Alikuwa amesogeza kichwa, amelaza sikio karibu na kioo, anajaribu. Halafu akaacha.

Lazima nisubiri siku kavu. Siku kavu ndiyo ya shemeji.

Mei 3

Shemeji amekuja kutazama njia, kama gari la kukodi litaingia mpaka mlangoni. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia. Nilitoka kwenda kununua uzi, na niliporudi sikubisha hodi. Nikamkuta amekaa kwenye ndoo, miguu ya kaka yake ameiweka mapajani, anamkata kucha. Moja moja, kwa uangalifu, kisha anapuliza. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anamsimulia jinsi walivyoiba baiskeli ya mwalimu wakaiangusha mtaroni, na jinsi kaka yake alivyochapwa peke yake kwa kukataa kumtaja.

Niliporudi nyuma kukohoa mlangoni ndipo akaanza tena ile sauti ya kupasua kuta. Kumbe ni woga. Anapiga kelele ili asisikie kwamba hajibiwi. Mimi nimetumia "sawa", yeye anatumia mipango.

"Shemeji," nikamwambia, "utakapokuja, fika kabla ya jua kupanda. Nataka tuwashe gari kwanza."

"Kwa ajili ya mtu wa vyuma?"

"Kwa ajili yake."

Akasema sawa.

Mei 9

Haikunyesha.

Mei 10

Haikunyesha. Binti amepiga simu. Nimemwambia siku ya kuondoka baba yake nitaogopa. Alishangaa, akauliza naogopa nini. Nikasema sijui, ila ni woga, nimeutambua.

Mei 11

Haikunyesha. Barabara imeanza vumbi.

Mei 14

Walifika asubuhi, shemeji na dereva wa gari la kukodi. Godoro limetandikwa nyuma, mito miwili, shuka jipya bado lina mikunjo ya dukani. Nguo za mume wangu nilikuwa nimezipiga pasi na kuzifunga tangu jana, dawa juu, viatu chini. Viatu sijui niliviweka vya nini.

Tulimbeba mimi na shemeji, tukamkalisha mbele kwenye gari lake mwenyewe, kiti cha abiria. Hakuwahi kukaa hapo. Aliangalia usukani kwa upande, kisha akaangalia boneti iliyoinuka. Kulikuwa kimya, anga tupu, bati limekauka. Jirani aliyekuwa anaimba nilimwendea jana kwa heshima nikamwomba apumzike leo.

Niliketi kwenye kiti changu. Nikaweka mkono kwenye ufunguo. Nikangoja. Shemeji akasema, "Washa basi, shemeji, jua hilo." Sikuwasha. Nilikuwa nimeamua kwamba kama hatagonga, sitawasha, nitashuka nitoe mizigo yake nimpe shemeji, na yaishe.

Kidole kiligonga dashibodi. Mara moja.

Nikawasha. Injini ikashika, ikaanza kupanda na kushuka. Shemeji alikuwa ameona kile kidole, nilimwona ameona, lakini mtu wa mipango haachii haraka. Aliinama dirishani akapaza sauti juu ya injini. "Kaka! Unataka twende kwangu? Gonga kama unataka! Kaka, unataka kubaki?"

Mume wangu hakumtazama hata kidogo. Aliinua mkono wa kushoto, ncha za vidole zimekusanyika kama ameshika kifuniko cha chungu, akauzungusha kidogo upande mmoja. Akashusha. Akainua tena, akazungusha tena kidogo. Uso umekunjamana.

"Anafanya nini?" shemeji akauliza.

"Anasema taimingi bado."

Nilishuka, nikalegeza nati, nikashika kasha la distribyuta kwa vidole vyote vitano kama alivyoonyesha. Nikamwambia shemeji aingie akae kwenye usukani, ashike mafuta, asicheze na mguu. Alikaa bila kubisha. Nikazungusha kiasi cha unywele mmoja. Injini ikabadilika, ikawa nzito. Nikachungulia pembeni ya boneti: mkono wake unaenda upande wa pili. Nikarudisha. Nikapita kidogo. Kwikwi zikapungua, kisha zikaisha, na sauti ikawa moja, ndefu, imenyooka, kama cherehani yangu ikiwa kwenye kitambaa inachokipenda.

Mara tatu, kwenye dashibodi. Hapohapo.

Nikakaza nati. Nilikuwa na furaha. Naiandika hivyo kwa sababu ni muda sijaiandika: nilikuwa na furaha, na iliuma, kama mguu uliokufa ganzi ukianza kurudi.

Nilipofika dirishani, shemeji alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, wala hayafuti. Alimgeukia kaka yake. Hakupaza sauti. Aliongea kwa ile sauti ya kukata kucha.

"Kaka. Nikuchukue?"

Mara mbili.

Shemeji akaniangalia. "Hiyo ni zima?"

"Ni zima."

Akazima injini. Uwanja wote ukanyamaza. Dereva wa gari la kukodi aliacha hata kutafuna kijiti chake. Shemeji alikaa vile, mkono kwenye ufunguo, na nilijua anachofikiria, maana nami nilikifikiria: pengine alikuwa anasema injini tu.

Injini ilikuwa imeshazimwa. Mume wangu akainua kidole, akagonga tena. Mara mbili.

Hakukuwa na kitu kingine cha kuzima ila ile safari.

"Nimesikia, kaka," shemeji akasema. Alishuka, akaenda kwenye gari la kukodi, akaanza kushusha mito. Mimi niliinamisha kichwa kwenye mlango wa mke mwenza nikalia, kilio cha sauti, cha pua na mabega, kilio chote walichokuwa wanakisubiri wale wa kunipa pole. Mume wangu aliweka mkono juu ya kichwa changu. Kisha akagonga utosi wangu, mara tatu, nikae hapohapo.

Shemeji amekula, ameondoka peke yake. Godoro ametuachia. Amesema atarudi Jumapili na mke wake, anifundishe kumnyoosha viungo, tutajipanga. Nikamwambia kwanza amuulize mwenyewe.

Mei 15

Amekula. Amelala vizuri.

Asubuhi nilimuuliza kama nimfungulie redio. Mara mbili.